Maji ya Chumvi na Kamba ya Katani: Historia ya Taa za Jukwaa Letu

Yeyote aliyepata kusoma matoleo ya nyuma ya jarida hili atakumbuka kwamba kila inapoandikwa habari ya michezo ya kuigiza ya shule yetu, hazikosi kusifiwa taa. Waigizaji husifiwa, na walimu waliowaongoza hushukuriwa, lakini taa ndizo hupewa aya nzima: kwamba ziliundwa na wanafunzi wenyewe, kwa makopo, mabomba na maji ya chumvi, bila kuiomba Serikali hata senti moja. Vijana waliopo shuleni hivi sasa wamekua wakisikia sifa hizo. Na mwaka huu Kamati ya Maandalizi imetoa shauri kwamba katika mkutano wetu ujao taa zile ziundwe tena, kwa namna ileile, ziwashwe bwaloni mbele ya wageni.

Kabla shauri hilo halijapitishwa naomba nafasi nieleze historia ya taa hizo kwa ukamilifu. Nusu yake tumeisimulia sana. Nusu ya pili haijaandikwa popote, nami naona kwamba vijana watakaopewa kazi ya kushika nyaya hizo wana haki ya kuisoma kwanza.

KABLA YA UMEME

Watu wa Mkata hawakungoja umeme ndipo wawe na starehe za usiku. Ngoma za Kizigua zilichezwa chini ya mbalamwezi, na hadithi zilitolewa kando ya moto. Shida ya taa ilianza pale shule zilipoingiza mchezo wa kuigiza wa jukwaani, wenye pazia, na watazamaji waliokaa upande mmoja wakitazama mbele. Mchezo wa namna hiyo ulikuja na walimu wa kikoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1950 yalikuwapo mashindano ya michezo ya shule yaliyosimamiwa na British Council, na mingi ya michezo hiyo ilikuwa ya Kiingereza. Baada ya Uhuru mambo yakabadilika. Mwalimu Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akairekebisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huohuo wa 1969 kitabu cha Ebrahim Hussein, Kinjeketile, kikachapishwa, na mwaka 1972 Penina Muhando akatoa Hatia. Shule zikawa na michezo ya Kiswahili ya kutosha. Lakini taa za kuimulika michezo hiyo zilibaki zilezile.

Waliotutangulia walitumia karabai. Wanafunzi wa leo huenda hawaijui: ni taa ya mafuta ya taa yenye pampu, na ndani yake kuna kifuko cheupe kinachong'aa mafuta yakigeuka mvuke na kuungua. Karabai mbili zilining'inizwa kwenye boriti, moja kila upande, na chemli sita zikapangwa chini mbele ya jukwaa. Mwanga ulitosha kuona nyuso, lakini vivuli vilikuwa vikubwa kuliko watu, na mwigizaji aliyesogea nyuma alipotea kabisa. Karabai ilipoanza kufifia, mwanafunzi alipanda ngazi katikati ya mchezo, akapampu, akashuka, na wafalme na majemadari wakamngoja.

Baadaye akatokea mtu mmoja mwenye akili, ambaye historia yetu haimtaji mara nyingi. Alipata taa ya mbele ya lori lililoharibika, akaiunga kwenye betri ya volti 12, akaifunga juu ya mlingoti nyuma ya watazamaji. Mkata ipo kandokando ya barabara kuu itokayo Chalinze kwenda Segera, na malori yenye matatizo hayakupungua. Taa ile ilimulika jukwaa zima. Haikuweza kufifishwa wala kubadilishwa rangi, nayo ilikula betri kwa saa chache. Lakini naomba msomaji aiweke akilini, kwa maana katika historia yote ninayoieleza hapa, kifaa hicho cha kimaskini ndicho kilichokuwa salama kuliko vyote vilivyofuata.

UMEME ULIOPITA JUU YETU

Kila mwanafunzi mpya aliyefika shuleni petu aliuliza swali lilelile: kwa nini hatuna umeme, na umeme unafuliwa hapo karibu tu? Lilikuwa swali la haki. Umeme wa kwanza nchini uliwashwa na Wajerumani mjini Dar es Salaam mwaka 1908. Mwaka 1931 ikaundwa Tanganyika Electric Supply Company, na katika miaka ya 1930 maporomoko ya mto Pangani yakaanza kufua umeme kwa ajili ya mji wa Tanga na mashamba ya katani. Mwaka 1964 ikafuata Hale, katika Wilaya ya Korogwe, yenye megawati 21. Mwaka 1995 kikaanza kazi kituo kipya cha Pangani Falls, megawati 68. Na laini kubwa ya kilovolti 132 ikitoka Hale kwenda Chalinze hadi Dar es Salaam ilipita katika nyika hizihizi zetu, juu ya mahindi ya watu waliokuwa wakiwasha vibatari.

Mwanafunzi alidhani ingetosha kupandisha waya mmoja ukagusa ule mkubwa. Haiwezekani. Umeme wa msongo ule lazima ushushwe kwa transfoma kubwa katika kituo maalumu, na kituo cha namna hiyo hakijengwi kwa ajili ya bwalo moja. Ndiyo sababu laini inaweza kupita juu ya kijiji kwa miongo kadhaa na kijiji kikabaki gizani. Sehemu kubwa ya vijiji vya wilaya zetu iliunganishwa baada tu ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani REA, kuanza kazi mwaka 2007.

Basi shule yetu ikawa na jenereta. Ilikuwa ndogo, ya dizeli, ikawashwa saa mbili kila usiku kwa ajili ya masomo ya jioni, na kwa mahafali na michezo ikaongezewa muda. Ndipo taa za makopo zilipozaliwa.

JINSI TAA ZILIVYOUNDWA

Hapa nataka kutoa heshima inayostahili, maana sitaki nionekane mtu wa kubeza. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa mwaka 1967, na hata miaka ya 1990, wakati sisi tulipokuwa madarasani, fikra yake ilikuwa hai. Shule ilikuwa na shamba, mifugo na karakana. Kijana aliyeweza kutengeneza kitu badala ya kukinunua alithaminiwa. Wakubwa wetu walikuwa wamesikia habari za vikundi kama Muungano Cultural Troupe na baadaye TOT, ambavyo maonyesho yao mjini yalikuwa na taa za rangi zinazowaka na kuzima kwa zamu. Walitaka na Mkata ipate.

Taa yenyewe ilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga au mkebe wa biskuti. Kitako kilitobolewa, holda ikapitishwa, balbu ya wati 100 ikafungwa ndani, na sehemu ya ndani ya kopo ikang'arishwa kwa majivu ili irudishe mwanga. Mbele iliwekwa karatasi ya rangi: nyekundu, ya kijani au ya buluu, ya kufungia zawadi. Waya ulikuwa wa nyuzi mbili, ule mwembamba wa kuungia redio. Palipokatika, ncha zilisokotwa pamoja zikaviringishwa kipande cha mfuko wa nailoni. Makopo manane ya namna hiyo yalifungwa kwa waya kwenye bomba la chuma lililovuka juu ya jukwaa.

Fahari yetu hasa ilikuwa mabomba ya kufifisha taa. Yalikuwa mawili, ya plastiki, kila moja limezibwa chini na kusimamishwa wima ndani ya fremu ya mbao. Ndani yalijazwa maji yenye chumvi ya mezani. Chini kabisa kililala kipande cha bati kilichoungwa kwenye waya utokao kwenye jenereta. Kipande cha pili kilining'inia kwa kamba, kikaungwa kwenye waya uendao kwenye taa. Maji ya chumvi hupitisha umeme, ila kwa ukinzani. Ukivuta kamba, vipande vikaachana mbali, umeme unapita kwa shida na taa zinafifia. Ukilegeza kamba, kipande cha juu kikashuka karibu na cha chini, umeme unapita kwa wepesi na taa zinawaka sana. Kwa mkono mmoja kijana wa kidato cha tatu aliweza kuleta machweo na mapambazuko.

Hatukulivumbua jambo hilo, ingawa jarida letu limewahi kulidai. Vikundi vya michezo vya Uingereza, vya vijijini na vya shule, viliutumia ufundi huo katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, wakitumia mabomba ya udongo ya maji machafu, na palikuwa na vitabu vilivyoeleza jinsi ya kuyaunda. Ulipungua huko pale vifaa vya kielektroniki vya kufifisha taa vilipoanza kuuzwa katika miaka ya 1960. Kwa hiyo sisi tuliwasha miaka ya 1990 kifaa ambacho wenyewe walikwisha kukitupa. Na kamba yetu, kwa kuwa tupo mkoa wa Tanga, ilikuwa ya katani.

MAMBO YA LONDON, VIENNA NA CHICAGO

Inafaa kukumbuka kwamba umeme uliingia kwenye majumba ya michezo kama dawa ya moto. Katika karne ya 19 majukwaa ya Ulaya yalimulikwa kwa gesi, na majumba yaliungua mara kwa mara. Tarehe 8 Desemba 1881 jumba la Ringtheater mjini Vienna liliungua baada ya gesi kushika moto jukwaani, na mamia ya watu wakafa. Siku 20 tu baadaye, tarehe 28 Desemba, jumba la Savoy mjini London likamulika jukwaa lake kwa umeme. Mwenyewe, Richard D'Oyly Carte, alisimama mbele ya watazamaji akashika balbu inayowaka, akaizungushia kitambaa chepesi, akaivunja kwa nyundo. Kitambaa hakikuungua. Watu wakashangilia, nao walikuwa na sababu ya kushangilia.

Lakini miaka 22 baadaye, tarehe 30 Desemba 1903, taa ya umeme ya jukwaani katika jumba la Iroquois mjini Chicago ilirusha cheche kwenye pazia. Jumba lilikuwa jipya, limetangazwa kuwa haliwezi kuungua. Walikufa zaidi ya watu 600, wengi wao wanawake na watoto waliokuja kutazama mchezo wa sikukuu. Milango kadhaa ilikuwa imefungwa, na mingine ilikuwa na makomeo ambayo watu hawakujua kuyafungua.

Nimeyataja hayo kwa sababu ya karatasi zetu za rangi. Balbu ya zamani ya wati 100 hugeuza sehemu ndogo tu ya umeme wake kuwa mwanga. Iliyobaki yote ni joto. Ukiifungia ndani ya kopo, kioo chake chaweza kupita nyuzi 200 za Selsiasi, na karatasi ya kawaida huanza kushika moto karibu na nyuzi 230. Waliosoma wakati wetu wanakumbuka harufu ile. Tuliiita harufu ya mchezo.

USIKU WA KINJEKETILE

Sasa nije kwenye nusu ambayo haijaandikwa. Mwaka 1997 tuliigiza Kinjeketile kwenye sherehe za mahafali. Mimi nilikuwa miongoni mwa wapiganaji, sina maneno ya kusema, nina mkuki wa mti, nimesimama upande wa kushoto karibu kabisa na mabomba. Jarida hili limeusimulia usiku huo mara mbili, na mara zote mbili kama kichekesho: kwamba taa zilicheza zenyewe, watazamaji wakadhani ni pepo Hongo, wakapiga makofi.

Habari ni hii. Kinjeketile anaingia mtoni Rufiji na kutoka baadaye, na mwongozaji wetu alitaka mwanga uzame kisha urudi polepole. Kijana aliyeshika kamba alikuwa amesimama juu ya debe ili aone jukwaa. Mchezo ulikuwa umekwenda zaidi ya saa moja. Nguvu ya umeme isiyokwenda kwenye taa haipotei. Inabaki majini kuwa joto, na maji ya mabomba yale yalikuwa yakitoa mvuke. Mvuke na matone ya chumvi yakapanda kwenye kamba. Katani hunyonya maji, kila mtu wa Korogwe anajua. Kamba ikalowa hadi mkononi mwake.

Hilo peke yake pengine lisingemdhuru sana usiku ule, na ndiyo maana mabomba yaliwashwa miaka kadhaa bila maafa. Lakini juu, kwenye bomba la chuma lililobeba makopo, waya mmoja ulikuwa umesuguliwa na ukingo mkali wa kopo mpaka plastiki yake ikaisha. Waya huo ulikuwa ule wa upande wa pili, unaorudi kwenye jenereta. Makopo yote na bomba lililoyabeba yakawa na umeme kimyakimya, na hakuna aliyejua kwa kuwa hakuna aliyeyagusa huku akigusa kitu kingine. Kasoro mbili zilikuwapo, kila moja imelala. Mwanga uliporudi, kijana akalegeza kamba kwa mkono wa kulia, debe likayumba, naye akashika nguzo ya chuma kwa mkono wa kushoto asianguke.

Umeme ukapita kutoka mkono mmoja hadi mwingine, yaani katikati ya kifua. Alivyolegeza kamba ndivyo taa zilivyozidi kuwaka, na ndivyo nguvu iliyokuwa kwenye kamba ilivyozidi. Misuli ya mkono ikipigwa na umeme wa namna hiyo hukaza, haiachii. Alikuwa akitetemeka, kamba ikitetemeka pamoja naye, na taa zikawa zinafifia na kuwaka, zinafifia na kuwaka. Hapo ndipo makofi yalipopigwa.

Aliyemwokoa alikuwa mpishi wa shule, mama wa makamo, aliyesimama kwenye mlango wa jikoni akitazama. Hakukimbilia kumshika kwa mikono, kama ambavyo mmoja wetu alikuwa amekwisha kuanza kufanya. Alichukua mwiko mkavu wa ugali, ule mrefu wa shule, akampiga kwenye mkono wa kulia kwa nguvu mpaka kamba ikaachika. Bati likazama, taa zikawaka kwa ukamilifu wake, na Kinjeketile akaendelea na maneno yake.

Kijana alipelekwa hospitali usiku huohuo kwa lori lililosimamishwa barabarani. Alipona, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikurudi sawa, na alikuwa na ndoto ya kuwa fundi saa. Simtaji, na yeye mwenyewe hakuniomba nimtaje. Yule mama nilimwomba ruhusa ya kuandika jina lake, akakataa; aliuliza kama mwiko nao unataka kuandikwa. Mwaka uliofuata mabomba yaliwashwa tena. Kilichobadilishwa kilikuwa kamba: iliwekwa ya nailoni.

KWA NINI FYUZI HAIKUKATIKA

Wapo watakaosema kwamba fyuzi ilikuwapo. Kwanza, fyuzi ya jenereta ile ilikuwa imekwisha kuungua zamani, na mahali pake paliwekwa karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara, desturi ambayo bado naiona madukani na majumbani. Lakini hata ingekuwa nzima isingemsaidia, na jambo hili nataka vijana wa kidato cha tatu na cha nne walisome mara mbili.

Fyuzi inalinda waya, haimlindi mtu. Mwili wa binadamu wenye mikono iliyolowa huweza kuwa na ukinzani wa omu 1,000 hivi. Kwa volti 230, mkondo utakaopita ni kiasi cha amperi 0.23. Fyuzi ya amperi 13 huuona mkondo huo kama si kitu, maana ungetakiwa uzidi mara hamsini na zaidi kabla haijaanza kukatika. Ilhali moyo wa mtu huweza kuvurugika kwa mkondo unaozidi kidogo amperi 0.03 ukipita kifuani. Kinachomlinda mtu ni vitu viwili. Cha kwanza ni waya wa ardhi, ule wa tatu, ambao taa zetu za nyuzi mbili hazikuwa nao: kopo likiguswa na waya wenye umeme, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini mara moja na fyuzi hukatika kabla mtu hajaligusa. Cha pili ni swichi ya kinga inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi, na kukata mara tofauti ikifika amperi 0.03. Na hata swichi hiyo isingefaa kitu usiku wa Kinjeketile, kwa kuwa umeme uliopita kwenye kifua cha yule kijana ulitoka kwa waya mmoja na kurudi kwa waya wa pili, kama vile yeye naye alikuwa balbu. Hakuna kinga inayoweza kutofautisha. Kwa hiyo shauri la baadhi ya wanakamati, kwamba mabomba yawashwe lakini safari hii swichi ya kinga iwekwe, halitoshi.

Nimesikia pia hoja ya kwamba kukataa taa hizi ni kukataa kujitegemea. Sikubaliani nayo. Yule wa taa ya lori alijitegemea pia, na volti zake 12 hazikuwa na nguvu ya kumtikisa mtu. Tofauti kati yake na sisi haikuwa ya fedha wala ya akili. Yeye alitaka jukwaa lionekane. Sisi tulitaka kufanana na mjini. Katika kusifu ufundi tumezoea kuhesabu kile kifaa kinachofanya, na hatuhesabu kile ambacho kingefanya siku moja kati ya mia. Nafanya kazi serikalini, na taarifa za ajali zinazopita mezani zinafanana kwa jambo moja: karibu kila mara mtu fulani anaeleza kwamba kifaa kilikuwa kikitumika hivyohivyo miaka yote.

Nchi yetu haijakosa mifano ya moto shuleni. Mwaka 1994 moto wa bweni la Shauritanga, Kilimanjaro, uliua wasichana zaidi ya 40. Mwezi wa Agosti 2009 moto wa bweni la Idodi, Iringa, uliua wasichana 12, na ilielezwa kuwa ulitokana na mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa akijisomea. Hiyo haikuwa michezo ya kuigiza, na nisingependa kulinganisha msiba na starehe. Nataja tu kwamba majengo ya shule zetu yamejaa watu usiku, milango yake ni michache, na bwalo letu siku ya sherehe huwa na watu mara mbili ya viti. Hata ukumbi mkubwa wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, wenye paa la makuti, uliungua mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hao ni watu ambao sanaa ndiyo kazi yao. Banda linalopendekezwa kwa mkutano wetu nalo ni la makuti.

YALIYOPO STOO NA YANAYOWEZEKANA

Nilikwenda stoo ya shule pamoja na mwalimu wa Fizikia. Makopo matano kati ya manane yapo, yameshika kutu. Waya umekauka, ukiukunja plastiki inapukutika kama ganda la karanga. Mabomba yote mawili yapo, na fremu yake, na kipande cha kamba ya nailoni. Kamba ya katani haipo.

Umeme wa gridi sasa umefika shuleni. Watu wengine huona kwamba hilo limeondoa hatari ya jenereta. Mimi naona limeongeza, kwa sababu jenereta yetu ya zamani ilizimika ikizidiwa, na gridi haizimiki. Kazi yoyote ya kuunga taa za jukwaa kwenye gridi lazima ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, wala si kishoka, hata akiwa ni mwanachama mwenzetu na hata akijitolea bure.

Lakini kwa mchezo wa nusu saa hatuhitaji gridi. Taa za LED za volti 12, zinazouzwa kwa ajili ya magari na sola, hutoa mwanga kama wa balbu ya wati 100 kwa wati 12 au 15 tu, na hazipati joto la kuchoma karatasi. Betri moja ya gari ya amperi-saa 50 ina uwezo wa kuwasha taa nane za namna hiyo saa tatu na ikabakiwa na akiba. Fyuzi iwekwe karibu na betri, kwa kuwa betri ya gari ikipata shoti huyeyusha waya. Vifaa vidogo vya kufifisha LED vinapatikana madukani Korogwe na Tanga. Makopo yale matano yanaweza kusafishwa na kutumika, taa hizo zikiwa ndani yake, na wageni wataona sura ileile waliyoisoma kwenye jarida.

Mabomba nimependekeza yasirudi jukwaani. Bomba moja mwalimu amekwisha kulihamishia maabara. Analijaza maji, anatia chumvi kijiko kwa kijiko, analiunga kwa betri ya volti 6 na balbu ya tochi, na wanafunzi wanaandika usomaji wa ameta kila kipande cha bati kinaposhushwa sentimita tano. Kwa kuwa umeme wa betri ni wa upande mmoja, mapovu hutoka na harufu ya klorini husikika kidogo, hivyo somo la Kemia nalo limepata mahali. Siku niliyokuwapo, msichana wa kidato cha tatu alimwuliza mwalimu kamba ya kushushia bati iwe ya nini, na mwalimu akawaambia darasa zima wamjibu kwa maandishi.